Kambo Alitoka Rhodes: Jinsi ya Kuisaidia Familia ya Katanga Kutafuta Asili Yake ya Kiyahudi

Karibu kila mwezi napata voisi kwenye simu, mtu yuko Likasi au Kolwezi, au alishahamia Ndola, au yuko Brussels anabeba maboksi, na stori ni ileile. Kambo yangu alikuwa mzungu (kambo ndo tunavyoita babu na bibi huku Katanga, kusini mashariki mwa Kongo), watu wote walimuita Mgiriki, lakini mama kabla hajafa aliniambia yule hakuwa Mgiriki, alikuwa Myahudi, sasa nianzie wapi. Nimechoka kujibu vipande vipande, kwahiyo naandika yote hapa. Mi mwenyewe ni mjukuu wa watu hao, na nimeshakaa na familia kadhaa kutafuta, nyingine tumepata mengi, nyingine tumepata jina moja tu na picha iliyoliwa na mchwa, na hata hilo jina moja nimeona linavyomkalisha mtu chini akalia.

Kabla ya kumsaidia mtu yeyote we mwenyewe jua hao kambo walitoka wapi, sababu usipojua utatafuta kwenye faili ambayo siyo. Rhodes ni kisiwa karibu na Uturuki. Wayahudi walifukuzwa Uhispania mwaka 1492, na Waturuki wa Osmani walipokichukua hicho kisiwa 1522 familia nyingi za waliofukuzwa zikaja kukaa pale ndani ya kuta za mji, mtaa wao waliuita La Juderia, na sinagogi lao la Kahal Shalom la mwaka 1577 lipo mpaka leo. Nyumbani waliongea Ladino, ambayo ni Kihispania cha zamani kilichochanganyika na Kiebrania na Kituruki. Italia ikakiteka kisiwa 1912. Maisha yalikuwa magumu, kazi hakuna, vijana wakaanza kutoka, wengine Amerika, wengine Rhodesia (Zambia na Zimbabwe za leo), wengine wakaja Elisabethville, yani Lubumbashi ya leo, wakafungua maduka, wakauza vitambaa, wakanunua samaki Luapula na kuwapeleka migodini. Jumuiya yao ya Katanga ilianza 1911 na sinagogi lilifunguliwa 1930, bado limesimama mjini, ukipita unaliona. Rabi Moïse Levy alifika 1937 akakaa miaka mingi sana, wazee wengi wa Lubumbashi wanamkumbuka.

Vijana hao wengi walikuja bila wake. Miaka inapita, duka liko Kasenga au Kashobwe au porini huko, na kulikuwa na mama wa hapa, Mbemba, Msanga, Mluba, Mlunda, wakazaa. Baadaye wengine waliagiza mchumba kutoka Rhodes na huyo mama wa kwanza akarudi kwao na watoto. Wengine walibaki naye mpaka kufa. Wengine waliwapa watoto jina lao, wengine hapana. Mfano unaojulikana na kila mtu ni Moïse Katumbi aliyekuwa gavana wa Katanga 2007 mpaka 2015, baba yake Nissim Soriano alikuwa Myahudi wa Rhodes aliyeishi huko kwenye biashara ya samaki, mama yake Mkongo. Huyo ni mtu mkubwa, stori yake imeandikwa. Kuna wengine wengi ambao hakuna aliyewaandika hata mstari.

Sasa tuingie kazini.

Anza na mama, usianze na intaneti

Kila mtu anataka kukimbilia kwenye kompyuta. Acha. Karatasi zitakusubiri, mzee hatakusubiri. Tafuta mtu mkubwa kuliko wote aliye hai kwenye ukoo, na mara nyingi siyo upande wa mzungu, ni upande wa mama, sababu mzungu alikufa au aliondoka, labda 1960 vita ya Katanga ilipoanza, labda baada ya 1973 Mobutu alipochukua maduka ya wageni, na aliyebaki na kumbukumbu ni yule mama wa kijijini na dada zake. Hii nasema kwa moyo wote kwasababu nimeona watu wanatafuta upande wa Rhodes utafikiri upande wa Kasenga haupo. Kama leo kuna mtu anajua kwamba kambo hakula nguruwe, ni kwa sababu mama mmoja Mbemba alikumbuka na akamwambia mtoto wake. Heshima yake ianze hapo. Kwenye daftari lako andika jina la bibi yule wa kijijini, kijiji chake, ukoo wake, kabla hujaandika la mzungu.

Ukienda nenda na zawadi kama kawaida, sukari, sabuni, kitenge, na usiende na maswali kama polisi. Usiulize "je, alikuwa Myahudi?" sababu mzee akiona unataka jibu hilo atakupa, ili ufurahi. Uliza vitu vya siku kwa siku. Alipokuwa anakula alianza na nini, Ijumaa jioni alifanya nini, kuna siku kwenye mwaka hakula kabisa mchana na usiku, alipopata habari ya msiba alikaa wapi, akigonga kidole kwa nyundo alilia kwa maneno gani, wenzake waliomtembelea walikuwa akina nani, alizikwa wapi na nani alimzika. Weka simu irekodi lakini omba ruhusa kwanza, na mwambie mzee hiyo rekodi itabaki ya familia. Kaa saa mbili, rudi wiki ijayo. Mara ya kwanza wanakupa stori iliyonyooka, mara ya tatu ndo inatoka ile yenyewe.

Kuna mama mmoja Kasenga aliniambia hajui chochote kabisa kuhusu dini ya yule mzee, alafu tukiwa tunaondoka akasema hivihivi tu, "ila alinisumbua na mayai yake". Mayai gani mama? Kila Ijumaa alikuwa anamlazimisha apike mayai na maganda ya vitunguu kwenye sufuria juu ya makaa, usiku kucha, mpaka yanakuwa kahawia mpaka ndani, wanakula Jumamosi asubuhi. Nilikaa chini tena. Hayo ni mayai ya Shabati (Sabato yao) ya Wayahudi wa Ladino, huevos haminados, hakuna jirani yeyote Luapula anayepika hivyo. Mama alikuwa amepika Shabati miaka kumi na kitu bila kuambiwa ni Shabati.

Alama zenye nguvu na alama zinazodanganya

Hapa lazima uwe mkweli sana, hata kama inaumiza. Huku kwetu vitu vingi vinavyofanana na Uyahudi vina sababu nyingine. Kutokula nguruwe: Waadventista hawali, Wakimbangu hawali, Waislamu hawali. Kutahiri: makabila mengi yanatahiri tangu zamani. Majina ya Isaka, Yakobo, Rebeka, Samweli: hayo yalikuja na misheni, yapo kila nyumba. Kupumzika Jumamosi ni hivyohivyo. Na makanisa mengi huku yanachora nyota ya Daudi ukutani, haina maana walioyajenga ni Wayahudi. Mtu akikuletea alama hizo peke yake usimcheke na usimdanganye, mwambie hiyo haitoshi, tuendelee kutafuta.

Alama zenye nguvu ni zile ambazo jirani hana. Mayai ya vitunguu nimeshasema. Vikate vya chizi au biringanya vinavyoitwa borekas au boyos, na mama wa huku alifundishwa kuvikanda. Neno la Ladino lililobaki mdomoni: kumsifu aliyepika kwa kusema "bendichas manos", kusema "agora" kwa sasa, kumuita babu "papu". Na kufunika vioo nyumbani kukiwa na msiba na kukaa chini kwenye sakafu siku saba.

Alama ninayoipenda kuliko zote ni mpangilio wa majina. Wayahudi wa Rhodes mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la babu mzaa baba, hata kama babu yuko hai, na binti wa kwanza jina la bibi mzaa baba. Kwahiyo kama kambo alimpa mtoto wake wa kwanza wa Katanga jina la Boaz au Behor au Rahamim, hilo halikuokotwa tu, uwezekano mkubwa ni jina la baba yake kule kisiwani (ila Behor lenyewe maana yake ni kifungua mimba, kwahiyo linaweza kuwa la mtoto wa kwanza tu). Nimeona familia mbili ambazo tulijua kijana ametoka nyumba ipi ya Rhodes kwa sababu ya jina la mtoto. Na fikiria maana yake: huyo mtu hata kama hakumwandikisha mtoto serikalini alimpa jina la baba yake mwenyewe.

Karatasi, na kwanini hauzipati

Watu wanaenda kutafuta neno Myahudi kwenye faili za Wabelgiji wanakosa, wanakata tamaa. Shida ni kwamba Mbelgiji aliandika uraia. Aliyefika zamani kabla ya Waitalia anaweza kuwa ameandikwa Mturuki. Aliyefika baadaye ameandikwa Mwitalia, sababu Rhodes ilikuwa ya Italia. Na mtaani wote waliitwa Wagiriki sababu walikuwa na maduka jirani na Wagiriki na walifanana nao, alafu kisiwa chenyewe kilipewa Ugiriki baada ya vita kuu ya pili. Kwahiyo mtu mmoja Mturuki, Mwitalia, Mgiriki, na hakuna lililo uongo. Tafuta kote. Jina nalo tafuta kwa spelingi zote, Capelluto na Capeluto, Menascé na Menashe, Alhadeff na Alhadef, karani aliandika alivyosikia.

Huku nyumbani tafuta: cheti cha kuzaliwa kwenye komini kama kipo, kitabu cha ubatizo cha misheni (hata kama mtoto alibatizwa Mkatoliki, padri mara nyingine aliandika jina la baba pembeni), hati ya duka au ya kiwanja, barua, picha zenye stempu ya studio nyuma. Picha usizitoe kwenye fremu kwa nguvu, piga kwa simu mchana karibu na dirisha bila flashi, mbele na nyuma, alafu tuma kopi kwa ndugu watatu tofauti usiku huohuo, sababu simu inaibiwa na nyumba inaungua.

Kama mtoto alichukuliwa kupelekwa misheni hii ni sura nyingine na inaumiza. Wabelgiji walikuwa na siasa ya kuwatoa watoto chotara kwa mama zao na kuwaweka kwa masista, na wengine walibadilishiwa majina. Waziri mkuu wa Ubelgiji Charles Michel aliomba msamaha bungeni tarehe 4 Aprili 2019, na Desemba 2024 mahakama ya rufaa Brussels iliwapa haki akina mama watano waliochukuliwa wakiwa wadogo, ikasema ulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Faida yake kwako we unayetafuta ni kwamba zile faili za ukoloni ziko kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Ubelgiji na chotara na watoto wao wanaweza kuomba kusaidiwa kutafuta faili yao. Andika barua kwa Kifaransa, jina lote, mwaka wa kuzaliwa hata wa kukisia, misheni gani, jina la mama. Usimsomee mzee faili hiyo ghafla. Isome we kwanza, alafu kaa naye, na mtu mwingine wa familia awepo, maana ndani kuna maneno mabaya ambayo karani aliandika kuhusu mama yake.

Kaburi

Wayahudi wana sehemu yao ya makaburi Lubumbashi. Nenda na mtu, ongea vizuri na mlinzi, beba maji na brashi laini ya kusafisha, usitumie sabuni kali wala chuma kwenye jiwe. Picha ya kwanza piga jiwe lote, ya pili maandishi ya Kiebrania tu. Hujui Kiebrania haijalishi. Mikono miwili iliyonyooshwa vidole imeachana maana yake marehemu alikuwa wa ukoo wa makuhani, jagi la maji ni Mlawi (ukoo wa wasaidizi wa makuhani). Mwaka ni wa kalenda ya Kiyahudi, umeandikwa kwa herufi na mara nyingi wanaacha elfu tano, kwahiyo mtu akikusomea 708 we jumlisha 1240 unapata 1948, na kama alikufa kati ya Septemba na Desemba toa mwaka mmoja maana mwaka wao unaanza karibu na Septemba. Na kitu muhimu zaidi, jiwe la Kiyahudi kwa kawaida linaandika fulani mwana wa fulani. Hapo umepata kizazi cha juu kabisa bila kulipa mtu.

Ukimaliza weka kijiwe kidogo juu ya kaburi. Ndo desturi yao. Nilimpeleka mzee mmoja wa miaka 70 na kitu kwa baba yake, hakuwahi kufika hata siku moja sababu siku ya mazishi familia nyingine ilikuwepo na yeye alibaki nje ya ukuta. Aliweka kijiwe, alafu akaomba aachwe peke yake kidogo.

Upande wa Rhodes

Kule kisiwani kuna makumbusho ya Wayahudi iliyoanzishwa 1997 na Aron Hasson, mjukuu wa watu wa Rhodes anayeishi Los Angeles, na wamepiga picha mawe ya makaburi ya zamani na kuyaweka kwenye tovuti yao, bure. Kwahiyo jina ulilolipata Lubumbashi unaweza kulitafuta kule. Kumbuka pia watoto wa Rhodes walisoma shule za Kifaransa za Alliance Israélite Universelle, ndo maana barua nyingi za kambo ziko kwa Kifaransa safi. Ukikuta barua yenye mwandiko kama Kiarabu lakini siyo Kiarabu, usitupe! Hiyo inawezekana ni solitreo, mwandiko wa mkono wa Ladino. Wapo watu kwenye magrupu ya Ladino wanaosoma na wengi wanafurahi kusaidia, we tuma picha nzuri tu.

Vipimo vya DNA vinasaidia, lakini jua vinasaidia nini. Asilimia wanazokupa usizifanye msahafu. Cha maana ni orodha ya ndugu, sababu watu wa Rhodes wametawanyika Seattle, Los Angeles, Cape Town, Buenos Aires, Brussels, na wengi wao wamepima. Pima mtu mkubwa kuliko wote kwenye familia kwanza, sababu mtoto wa yule mzungu ana damu yake nusu na mjukuu ana robo tu. Na kabla ya kumpima mwambie wazi kwamba anaweza kugundua ndugu asiowajua, au kugundua baba siye aliyemfikiria. Mzee akikataa, amekataa.

Ujumbe wa kwanza kwa ndugu mzungu naomba usiandike usiku ukiwa na hasira. Yule mtu Brussels anaweza kuwa hajawahi kusikia kwamba babu yake alikuwa na watoto Kashobwe. Andika mfupi: mi naitwa fulani, nafikiri babu yetu ni mmoja, sitafuti mali wala hela wala visa, natafuta jina la mama yake na picha kama ipo. Weka picha moja ya mzee wenu akiwa kijana, maana sura inaongea kuliko barua. Alafu subiri. Wengine hujibu baada ya mwaka mzima, wengine hawajibu kabisa. Kuna mmoja alijibu kwa kutuma picha ya harusi ya Rhodes na chini ameandika majina ya watu wote, familia ya Likasi wameipiga lamineti na kuitundika sebuleni.

Tenganisha mambo matatu: damu, dini, pasipoti

Hapa ndo watu wanaumizana sana kwahiyo nisikilize polepole. Kwa sheria ya dini ya Kiyahudi ya asili, Uyahudi unapita kwa mama. Watoto wa Katanga baba ni Myahudi, mama siyo, kwahiyo kwa marabi wa Orthodox na wa Conservative (matawi yanayoshika sheria hiyo) huyo mtoto siyo Myahudi mpaka afanye giyur, yani asome muda mrefu, asimame mbele ya marabi watatu, aingie kwenye maji ya mikve, na mwanaume tohara. Wareform wa Marekani, tawi lililolegeza sheria za zamani, tangu 1983 wanamkubali mtoto wa baba kama amelelewa hivyo. Mwambie mtu ukweli huu siku ya kwanza. Nimeona mzee ameingia sinagogi na furaha yote, amevaa suti, akaambiwa mlangoni kwa ukavu kwamba yeye siyo. Hakurudi tena. Angeandaliwa mapema asingevunjika vile.

Pasipoti nayo ina sheria zake. Sheria ya Israeli ya kurudi ya mwaka 1950, iliyobadilishwa 1970, inampa haki ya kuomba mtoto na mjukuu wa Myahudi, hata kama kwa marabi siyo Myahudi. Kitukuu hana haki hiyo peke yake. Na mjukuu anatakiwa alete karatasi, siyo stori. Uhispania ilikuwa na sheria ya kuwapa uraia wazao wa waliofukuzwa, ya mwaka 2015, ilifungwa Oktoba 2019. Ureno imekaza sana masharti yake. Kwahiyo mtu akija na fomu na kudai dola mia tano atakutengenezea uraia wa Kiyahudi, mfukuze. Familia moja ninayoijua waliuza kiwanja kwa ajili ya ahadi kama hiyo.

Kwahiyo kabla hujaanza kumsaidia mtu muulize: unatafuta nini? Jina la babu? Dini? Safari? Yote ni halali lakini njia zake ni tofauti, na wengi sana wakifikiria vizuri wanataka la kwanza tu. Wana kanisa lao, wameolewa, wana wajukuu wanaoimba kwaya. Hawatakiwi kuacha chochote ili wajue baba yao alikuwa nani. We ukiwa msaidizi usiwasukume kwenye dini hata kidogo, na mchungaji wao akiwa na wasiwasi nenda umuone, mweleze kwa heshima.

Anayetaka dini kweli, Kinshasa kuna Wachabad (kundi la Wayahudi wa Orthodox) tangu 1991, Nairobi kuna sinagogi ambalo la kwanza lilijengwa 1913. Na usiwasahau Abayudaya wa Mbale, Uganda. Wao hawadai damu ya Kiyahudi, walianza 1919 na Semei Kakungulu aliyesoma Torati akaamua kuifuata, Idi Amin akawapiga marufuku na bado wakashika. Lakini mtu wa Katanga akienda pale anaona Waafrika wenzake wanaimba Zaburi kwa Kiluganda na Kiebrania, wanapika chakula cha kosheri, yani kinachofuata sheria ya dini, juu ya mkaa, na ile aibu ya kujiona mgeni inapungua. Kujifunza mlango wa jirani ni rahisi kuliko Jerusalem.

Fanyeni kitu kwa mikono

Familia ikishajua kidogo msiishie kwenye grupu la wasap. Chagueni kitu kimoja kidogo mkifanye. Mi nashauri mayai, kwa kweli. Maganda ya vitunguu vyekundu mengi, mayai mabichi, maji, mafuta kidogo ya kupikia na chumvi, moto wa mkaa mdogo sana, funika, acha usiku kucha ukiongeza maji. Watoto wanapenda sababu yai linatoka na michoro. Wakati wa kula yule mkubwa anasimulia, kwa Kiswahili, kambo alikuwa nani na mama alikuwa nani. Rekodini. Mwaka wa pili mtoto mwingine asimulie.

Na kuna kazi moja ambayo haihitaji rabi, wala DNA, wala hela, na mtu yeyote mwenye jina la kizazi cha juu anaweza kuifanya. Tarehe 23 Julai 1944 Wajerumani waliwapakia Wayahudi wa Rhodes kwenye meli, pamoja na wa Kos walikuwa kama 1,700, wakapelekwa mpaka Auschwitz, kambi ya mauaji. Waliorudi ni kama 150. Kambo waliokuwa Katanga walipona sababu walikuwa Katanga. Barua kutoka nyumbani ziliacha kuja, na wengi walikuja kujua baadaye kwamba mama, baba, na wadogo zao wote wameisha. Wazee wetu wengi wanakumbuka kwamba yule mzee alinyamaza mwaka fulani na hakuongea tena vizuri, hawakuwahi kujua kwanini. Sasa mnajua.

Yad Vashem kule Jerusalem wanatunza majina ya waliouawa, na orodha iko kwenye intaneti, unatafuta bure. Andika jina la ukoo na Rhodes. Ukimkuta mama mzazi wa kambo yako ameshaandikwa, soma kilichoandikwa, linganisha na ulichonacho. Ukimkosa, na una uhakika, kuna karatasi ya ushuhuda unaijaza mwenyewe, mtu mmoja karatasi moja: jina, jina la baba, jina la mama, alizaliwa wapi, alikuwa na mume au mke nani, aliishi wapi kabla ya vita. Usichokijua acha wazi, usikisie. Picha unaweza kuweka. Chini wanauliza anayejaza ni nani na ana uhusiano gani na marehemu. Mama mmoja wa Kasenga, binti wa yule wa mayai, alijaza ya bibi yake mzaa baba ambaye hakuwahi kumuona, tukiwa tumekaa kwenye mkeka nje na bando inakaribia kuisha. Tulipofika hapo chini aliniuliza aandike nini. Nikamwambia andika ulivyo, mama. Akaandika: mjukuu.